Injini Imekufa, Nani Kaiua?

Mwenye lori akifika gereji huwa na swali moja: tuishushe injini tuifanye upya, au nikatafute nyingine? Huliuliza akiwa bado na simu sikioni. Mzigo umekwama, dereva na utingo wamelala chini ya tela, na mwenye mzigo hachoki kupiga. Gereji nayo haikosi wa kumjibu papo hapo. Mmoja anamjua mtu aliyeshusha kontena la injini za mtumba juzi. Mwingine anaapa kwamba injini ya zamani haina mbadala na chuma cha siku hizi hakina kitu. Wa tatu ni dalali, huyo tumwache.

Fundi ninayetaka kumsifu hapa hajibu. Anaagiza karai safi liwekwe chini ya injini, analegeza nati ya kumwagia oili taratibu, kisha anachuchumaa na kutazama kinachotangulia kutoka.

Maji ni mazito kuliko oili. Kama yameingia kwenye sampu na lori likalala usiku kucha bila kuwashwa, yatakuwa yamezama chini kabisa, na yatatoka kwanza, yakiwa na rangi ya kutu, ndipo oili ifuate. Kwa hiyo fundi huyu hamruhusu mtu yeyote kuiwasha injini asubuhi hiyo, hata kwa "kuisikiliza tu". Ukiiwasha, pampu inavikoroga vyote viwili na ushahidi umepotea.

Nililiona hilo kwa Scania 113 iliyovutwa hadi Morogoro kutoka upande wa Iringa. Wanaosafiri barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma wanazifahamu Scania hizo. Injini ina silinda sita kwenye mstari mmoja, kila silinda ina upana wa milimita 127 na pistoni husafiri milimita 145, jumla lita 11. Ukoo wa injini hizo za lita 11 ulianza Södertälje, Uswidi, miaka ya 1960. 113 yenyewe ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuachwa kuundwa Ulaya katikati ya miaka ya 1990. Kwa hesabu hiyo hata iliyo changa kabisa inakaribia miaka 30, na bado utazikuta zinapanda mlima wa Kitonga na mzigo, gia ya chini, moshi mweusi kidogo, utingo akitembea kando na kigingi cha kuzuia tairi.

Hii haikumaliza mlima. Dereva alisema kwa wiki kadhaa ilikuwa inapunguza maji, naye akawa anaongeza. Siku hiyo mshale wa oili ukashuka, kisha ukaanza mlio kutoka chini, kugonga kwa kufuata mwendo wa injini. Imenoki. Karai lilipowekwa, yakatangulia maji, na oili iliyofuata ilikuwa kama chai ya maziwa.

"Vipi Mzee, injini ndiyo basi?" tajiri, mwenye lori, akauliza.

"Bado, tajiri. Hatujamjua aliyeiua."

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, na ndipo wengi wanapouruka. Injini ya dizeli ya lori, ikilishwa hewa safi, oili safi na maji yaliyotiwa dawa, inakwenda mamia ya maelfu ya kilomita bila kufunguliwa. Ikifa mapema, kuna kitu kimeiua, na mara nyingi kitu hicho hakimo ndani ya injini. Kiko kwenye rejeta iliyoziba, kwenye mpira wa hewa uliochanika nyuma ya chujio, kwenye nozo inayovuja dizeli badala ya kuipuliza, kwenye chujio la oili la bandia. Ukinunua injini nyingine ukaifunga kwenye lori lile lile, umemletea muuaji mgeni mwingine.

Kwa hiyo fundi hakuanza na spana za hedi. Alifungua sampu, akaiacha rejeta na maji yake, akafunga pampu ya mkono yenye geji mdomoni pa rejeta na kuujaza mfumo wa maji upepo kidogo. Kisha akalala chali chini ya injini na tochi, akanyamaza. Vijana wake nao wakanyamaza, maana wameshafundishwa kwamba muda huo hakuna redio.

Kuna milango mitano hivi ambayo maji huweza kupitia kwenda kwenye oili. Gasketi ya hedi. Ufa kwenye hedi yenyewe, mara nyingi kati ya viti vya valvu. Kipoza oili, ambamo maji na oili hupita jirani vikitenganishwa na ukuta mwembamba. Oringi zilizo chini ya silivu. Au silivu yenyewe. Gharama za milango hiyo hazilingani hata kidogo: gasketi au kipoza oili ni kazi ndogo, ufa wa hedi ni kubwa, na ubovu wa bloku pale zinapokaa oringi unaweza kuwa mwisho wa safari. Aliye chini na tochi anatazama tone linatokea wapi. Likishuka kwa nje ya silivu, ni oringi. Likitokea ndani, kando ya pistoni, ni gasketi, hedi au silivu iliyotoboka.

Tone lilitokea ndani, silinda ya tano, polepole.

Injini ikashushwa, hedi zikavuliwa, pistoni zikatolewa, na silivu ya tano ikavutwa juu kwa winchi yake. Kwa asiyezijua: kwenye injini kama hii silivu ni bomba nene la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, na maji ya kupoza yanaligusa moja kwa moja kwa nje. Ikichakaa unaing'oa na kuweka mpya, bloku inabaki. Fundi aliifuta, akaigeuza upande mmoja, akamwita tajiri. Ukuta wa nje ulikuwa na vishimo vilivyopangana kwenye mstari kutoka juu kwenda chini, vya ukubwa wa kichwa cha sindano, vingine vimeshikana. Kimoja kilikuwa kimepita hadi ndani.

Jambo hili linastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu madereva wengi huamini ni kutu tu. Kila dizeli inapolipuka, pistoni husukumwa chini na pia ubavuni, ikaligonga bomba lile. Bomba hutetemeka, mara nyingi kwa sekunde, na mtetemo huo hufanya vipovu vya mvuke vizaliwe na kupasuka kwenye maji yanayougusa ukuta wa nje. Kila kipovu kinachopasuka huchomoa chembe ndogo mno ya chuma. Kwa maelfu ya saa, chembe hizo huwa shimo. Kulenti, yaani maji ya kupoza yenye dawa, hutandaza utando mwembamba juu ya chuma, na vipovu hupiga utando huo ambao hujirudisha wenyewe. Maji ya bomba hayana utando, wala maji ya mto pale Ruaha Mbuyuni yaliyochotwa kwa dumu la njano. Tena huacha chokaa na tope kwenye rejeta, na joto linalopaswa kutoka linabaki.

Aliyeiua injini amepatikana: miaka ya maji matupu. Kishimo kilipotoboka, maji yakaingia kwenye oili, oili yenye maji haiwezi kubeba uzito kati ya krenki na beringi zake, beringi zikasagika, ikanoki. Mnyororo mzima umetokana na dumu la njano.

Lakini kumjua muuaji hakutoshi kujibu swali la tajiri. Sasa fundi anapaswa kujua muuaji amefika wapi na uharibifu wake, na hiyo ni kazi ya kupima. Mimi, nikiri upendeleo wangu, sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Hakuna kelele, hakuna nyundo, na mtu asiyejua anaweza kudhani gereji imefungwa.

Krenki ilioshwa kwa dizeli, ikapulizwa kwenye matundu yote ya oili, ikalazwa ndani kivulini hadi kesho yake asubuhi. Tajiri alilalamika kwamba siku imepotea. Haikupotea. Chuma hunenepa kwa joto: shafti ya kipenyo cha milimita 100 ikiongezewa nyuzi 20 za joto hunenepa kwa takriban milimita 0.02. Nafasi ambayo oili hukaa kati ya krenki na beringi ni kama sehemu moja ya elfu ya kipenyo chake, yaani chini ya milimita 0.1. Ukichukua krenki iliyoanikwa juani na mikromita iliyolala kwenye sanduku, kosa la joto pekee linakula sehemu isiyo ndogo ya nafasi hiyo. Fundi huyu hupima asubuhi, kila shingo ya krenki sehemu mbili, na kila sehemu mara mbili kwa kuizungusha mikromita robo duara, ili aone kama shingo imekuwa yai au imechongoka upande mmoja. Namba anaziandika kwa chaki ubaoni.

Beringi kuukuu hazitupwi. Alizipanga kwa mfuatano wake juu ya gazeti na kuzisoma. Beringi ya krenki ina mgongo wa chuma, juu yake tabaka lenye shaba, na juu kabisa utando laini wa kijivu. Kijivu kikiwa sawasawa, injini ilikuwa na afya. Mikwaruzo myembamba inaonyesha uchafu kwenye oili. Wekundu wa shaba ukitokeza katikati, utando umeisha. Ukitokeza pembeni tu, huenda mkono wa pistoni umepinda, na ukiweka beringi mpya bila kuunyoosha, italika pale pale. Za silinda ya tano zilikuwa nyekundu tupu. Nyingine zilikuwa na hali ya kusikitisha lakini zinasomeka.

Krenki ikiharibika kidogo huchongwa. Inapunguzwa kwa hatua: milimita 0.25, kisha 0.50, 0.75, na 1.00, na beringi nene zaidi hununuliwa kwa hatua hiyo hiyo. Mafundi wa zamani bado huhesabu kwa elfu za inchi, teni, twenti, thati, foti. Lakini hatua hizo si za bure. Krenki nyingi za malori zimetiwa ugumu kwenye ngozi yake ya juu, na ngozi hiyo ina kina chake. Ukiipita, unabakiwa na chuma laini kitakacholika haraka. Pia pale shingo inapokutana na bega la krenki lazima pabaki mviringo laini. Mchongaji mwenye haraka, au mwenye jiwe lililochakaa, huacha pembe kali, na krenki hukatikia hapo hapo siku moja mlimani.

Hii ya kwetu ilishachongwa zamani hadi 0.50. Namba zilisema bado inaweza kushuka hatua moja. Tajiri alifurahi, akadhani hukumu imetoka. Fundi akaomba mafuta ya taa na chaki.

Wenye karakana kubwa wana mashine ya sumaku ya kutafutia nyufa. Asiyekuwa nayo ana njia ya wazee. Shingo zililoweshwa mafuta ya taa kwa muda mrefu, zikafutwa hadi zikakauka kabisa, zikapakwa unga wa chaki uliotandazwa mwembamba. Kisha akaigonga krenki kwa kipande cha mti, pole, huku akitazama. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutingishwa yakatoka, na juu ya weupe huchora mstari. Shingo nne za kwanza hazikuonyesha kitu. Kwenye ile ya tano, begani, pale mchongaji wa zamani alipoacha pembe, ukatokea mstari mweusi mwembamba, urefu wa kucha.

Sijawahi kuona watu wanane wakiinama pamoja kwa ajili ya kitu kidogo kiasi hicho. Krenki ile isingechongwa. Isingefungwa kabisa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana swali la kufufua au kubadilisha lina historia yake hapa kwetu. Enzi fulani halikuwepo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka nchini Tanzania, na kupata pistoni mpya kulihitaji kibali, subira na jamaa mwenye cheo. Malori yalitembea kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kujaza shingo ya krenki kwa moto wa kulehemu na kuichonga tena, kuyeyusha aluminiamu, kukata gasketi kwa nyundo ndogo juu ya ukingo wa bloku. Mengi ya hayo yalikuwa ya kukata tamaa, na sitaki yasifiwe kuliko yanavyostahili. Krenki za kulehemu zilivunjika sana. Lakini kilichobaki kwa wale walioyapitia ni jicho. Walijifunza kuuliza kila kipande kama bado kinaweza kazi, kwa kuwa hakikuwa na mrithi. Bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na rais mpya, aliyekuja kuitwa Mzee Ruksa, alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, milango ikafunguka. Leo injini za mtumba zinakuja kutoka Japani, kutoka bandari za Ulaya, na kutoka Sharjah, ambako kuna mitaa mizima ya vipuri vya magari yaliyokatwa. Chaguo limekuja. Jicho limebaki kwa wachache.

Na injini ya mtumba si dhambi. Kuna siku ndiyo jibu pekee. Mkono wa pistoni ukikatika na kutoboa ubavu wa bloku, hakuna mjadala. Pale juu ambapo silivu inakaa kwenye bega lake, bega likiliwa bila usawa, silivu hucheza na gasketi haidumu. Linaweza kukatwa kwa mashine na kuwekewa vipande vyembamba vya kuinulia, lakini kwa kiasi. Mstari wa beringi za meni ukipinda kwa joto, unahitaji mashine ya kuunyoosha ambayo haipatikani kila mji, na kuusafirisha mzigo wa bloku hadi iliko kuna bei yake. Vitu hivyo vikikusanyika viwili au vitatu kwenye bloku moja, fundi mwaminifu anamwambia tajiri anunue nyingine, hata kama kazi ya kuishusha na kuifanya upya ingemlipa yeye zaidi.

Ninachogombana nacho ni hesabu mbovu. Watu hulinganisha gharama kamili ya kufanya injini upya, pamoja na silivu sita, pistoni, ringi, beringi, gasketi, kupima pampu na nozo, na bei ya injini ya mtumba ikiwa imelala sakafuni dukani. Hiyo ya dukani bado haijafika popote. Lazima uitoe sampu uone ndani, ubadilishe sili na gasketi zilizokauka, wota pampu, vichujio, oili, pengine na klachi maana sasa ndiyo wakati wake. Lazima upeleke namba mpya ya injini iandikwe kwenye kadi ya gari, la sivyo utaulizwa barabarani au siku ya kuliuza. Na kama ni injini ya kampuni nyingine, jiandae kwa vishikizo vya kuchomelea, gia boksi isiyokubaliana, na rejeta isiyotosha. Bei hizo mbili zilinganishwe zikiwa zote zimefikia mahali pamoja: lori linanguruma na lina uhakika wa mwaka mzima.

Kuna pia njia ya tatu ambayo ni mbaya kuliko zote, nayo ni kurashiarashia: kubadilisha ringi tu, kufunika, na kuomba Mungu. Silivu huchakaa zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, na juu ya hapo hubaki ukingo ambao haukuguswa. Ringi mpya yenye kona kali hupanda na kuugonga ukingo huo kila mzunguko, hadi ivunjike. Tajiri anayeagiza kazi hiyo anajua kabisa anataka kuliuza lori.

Kwa Scania yetu, hukumu haikuwa yoyote kati ya zile mbili alizokuja nazo tajiri. Bloku ilipimwa kila bega la silivu kwa daili geji na ikawa sawa. Chini, kwenye nyumba za oringi, palikuwa na vidonda vidogo vya kutu lakini uso wa kuzibia ulikuwa mzima. Hedi moja ilipitishwa mashine kidogo. Krenki ndiyo iliyokuwa maiti peke yake. Kijana alitumwa Dar es Salaam, Gerezani, akiwa na karatasi ya vipimo mfukoni na mikromita begani, akatafute injini ya aina hiyo iliyopasuka bloku. Alizikataa krenki mbili. Ya tatu ilikuwa standadi, haijaguswa na jiwe. Ilipofika ilipewa mafuta ya taa na chaki yake kama ile ya kwanza, huku muuzaji akiapa kwenye simu.

Kufunga kulichukua muda mfupi kuliko kupima. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Kila silivu ilisimamishwa bila oringi kwanza, ikapimwa inachomoza kiasi gani juu ya bloku, kwa kuwa mchomozo huo mdogo ndio unaoibana gasketi. Ikitofautiana na jirani yake, gasketi inaungua upande wa aliye mfupi. Ringi ziliingizwa moja moja ndani ya silivu tupu na mwanya wake kupimwa kwa fila geji. Juu ya shingo za krenki uliwekwa uzi mwembamba wa plastiki, kifuniko kikakazwa kwa spana ya toki, kikafunguliwa, na upana wa uzi uliobanwa ukasomwa kwenye karatasi yake: huo ndio unaoonyesha unene wa oili itakayopita. Bolti za hedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Nozo zilipelekwa kupimwa. Ile nzima hulia kwa mkwaruzo na kutoa ukungu, mbovu hutema michirizi.

Niliuona mkono wa mzee ukisimama mara moja tu. Kijana alikuwa amefunga vifuniko vya beringi za mkono na namba moja ikatazama upande usio wake. Halikusemwa neno. Kidole kilionyesha, kijana akafungua vyote sita akaanza upya, ingawa kilichogeuka kilikuwa kimoja. Sikuuliza sababu. Kwa namna alivyovifungua, kijana alikuwa anaijua.

Rejeta ilitenganishwa juu na chini ikazibuliwa kwa fimbo nyembamba, na ndani mwake zikatoka chokaa na tope zilizowashangaza wote isipokuwa fundi. Thamostati, ambayo mtu aliwahi kuitoa akidhani anaisaidia injini ipoe, ilirudishwa. Injini ikazungushwa kwanza bila kupewa dizeli hadi mshale wa oili ukapanda, ndipo ikawashwa. Haikuachwa ikinguruma bure mchana kutwa, kwa kuwa injini mpya isiyobeba uzito husugua silivu zikawa kioo kabla ringi hazijakaa. Ilipewa tela lenye mzigo wa wastani, ikaenda Dodoma na kurudi bila kukamuliwa, oili ikamwagwa mapema. Karai lile lile. Halikutangulia tone la maji.

Wewe mwenye lori unayesoma haya huku simu ikiita, usianze kwa kuuliza bei ya injini. Muulize fundi wako injini uliyonayo imeuawa na nini, na akuonyeshe kwa kidole. Asipoweza kuonyesha, usilipie kufufua wala kubadilisha. Tafuta fundi mwingine. Akiweza, mpe siku anazoomba za kupima. Na dumu la njano la maji ya mto, litoe kwenye kebini leo, weka la kulenti.